Kibali cha Kuchekesha Temeke

Jumapili alasiri, nyumbani.

Joto. Tangu asubuhi mawingu yamejikusanya upande wa Mbagala na hayataki kunyesha, na humu ndani hata ukuta unatoa jasho. Yohana, mume wangu, amelala barazani, gazeti usoni. Mie nimekaa mezani na daftari hili, mkono wa kulia unaniuma kuanzia vidole mpaka begani, na bado nacheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili.

Nimefurahi. Niandike hivyo kwanza, maana muda si mrefu nitaanza kujilaumu, na kujilaumu nikianza sina breki.

Shajara yangu, habari za Umoja nimekuwa nikikupa vipande vipande, leo nizipange. Umoja wa Vichekesho una vikundi vitatu: kimoja cha hapa Temeke, kimoja cha Kinondoni, kimoja cha Mbagala. Zamani kila kikundi kilicheza uani kwa mtu, ndani ya ua wa makuti, na kila asiyetaka kulipa alitoboa tundu kwenye makuti akaona bure. Waliotoboa wakawa wengi kuliko waliolipa. Tena siku moja vikundi viwili vikacheza mtaa mmoja, saa moja, na watu wazima wakashikana mashati. Ndipo Mzee Shomari, fundi cherehani wa mtaa wetu, akawakalisha chini. Akawaambia waunde chama kimoja kitakachotafuta ukumbi, kupanga zamu, kuchapisha tiketi na kwenda Boma kuzungumza na wakubwa wa serikali. Wakamfanya yeye mwenyekiti. Na kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyependa kuandika barua, wakaja kwangu. Wewe Mwalimu Agnesi, wakasema, kazi yako kalamu, tusaidie.

Nikavimba kichwa. Mke wa karani wa reli, mtu wa Masasi, mgeni wa mji huu, leo katibu wa wachekeshaji! Nilinunua hata wino mpya.

Tulihitaji vitu viwili tu, ukumbi na kibali. Ukumbi tuliupata mapema. Bwana Hassanali, yule mwenye duka kubwa barabara ya Kilwa, ana ghala lililokuwa la mbata, zile nazi kavu. Akakubali kutupa kila Jumamosi kwa kodi ya kiungwana, ila tumletee kibali cha Boma cha kuchezesha michezo ya kulipisha. Hataki askari mlangoni kwake. Akatupa muda mpaka Jumamosi ya jana. Kibali kisipopatikana siku hiyo, mbata zinarudi ndani, na sie tunarudi kwenye ua wa makuti na matundu yake.

Boma nao wakasema kibali watatoa, lakini kwanza wapelekewe mchezo wote kwa maandishi, neno kwa neno. Kisha siku ya mchezo atakuja mtu wao, akae na karatasi, aone kama yanayosemwa jukwaani ndiyo yaliyoandikwa.

Sasa, vichekesho haviandikwi. Wachezaji wanakaa mkekani, wanakubaliana: wewe mume, wewe mke, mume ni bahili wa kupindukia, mwishoni anaumbuka. Basi, wameinuka. Mengine yote yanatoka mdomoni siku hiyohiyo, na wiki ijayo yanatoka mengine. Pazi, mchekeshaji wetu mkuu, ni mpagazi bandarini na hajui kusoma hata jina lake. Ukimwuliza jana ulisema nini, anakuuliza wewe, kwani nilisema nini?

Kazi yangu ilikuwa nyepesi kabisa. Nikae pembeni yao na penseli, niwasikilize, niandike wanayoyasema.

Sikufanya hivyo. Nilikaa hapa mezani nikaandika ya kwangu.

Nakiri. Nilijiambia kwamba maneno ya uani hayafai kwenda Boma, kwamba wakubwa watatudharau, kwamba mchezo wa Umoja unahitaji lugha safi yenye mafunzo. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu yenyewe hasa ni kwamba nilitaka kuwa mtunzi. Nilitaka siku moja mtu aseme, mchezo huu ameutunga Mwalimu Agnesi. Nikaandika kurasa ishirini. Yohana akazipiga taipu ofisini kwao saa ya chakula, akaniletea zikiwa zimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Nikamwuliza, umeonaje? Akasema nzuri. Hakucheka hata mara moja, na mie sikujiuliza kichekesho gani hiki asichokicheka hata mume wangu, anayecheka kuku akianguka.

Wiki tatu nikawafundisha kama darasa la kwanza. Mie nasema, wao wanarudia. Pazi akisema "mie", namwambia sema "mimi". Salumu, kijana wa Kinondoni anayecheza mke wa bahili, akiongeza neno lake, nagonga meza kwa rula. Nilikuwa na rula, Mungu anisamehe! Watu wazima, mmoja wao ana wajukuu, wamesimama uani kwangu mikono nyuma, wanakariri.

Na walijua kukariri, usifikiri. Pazi alimeza kurasa zote ishirini kwa masikio tu.

Haya, tuje jana. Mchezo ulikuwa uanze saa tisa na nusu alasiri, maana Mzee Shomari alitaka watu wa Mbagala na Kinondoni wawahi kurudi makwao. Kufika saa tisa ghala limejaa. Harufu ya mbata ilikuwa bado imo, lakini madirisha yote yalifunguliwa, na pazia la kitambaa cha marekani alilolishona Mzee Shomari mwenyewe lilikuwa limening'inia zuri, jeupe. Mbele, kwenye mkeka, alikaa Bi Tatu, muuza mihogo ya kuchoma sokoni, mama mnene mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Nyuma kabisa kwenye viti alikaa Bwana Hassanali pamoja na mama yake mzazi, bibi kizee aliyejifunika vizuri, hajui Kiswahili zaidi ya cha kununulia mboga. Alikuja kuona mwanawe ameingia biashara gani.

Na pembeni, kwenye meza ndogo, alikaa Bwana Mika, karani wa vibali kutoka Boma. Ni mtu wa Upareni, mwembamba, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha shingo katika joto lile. Nilimpa kiti kizuri kuliko vyote, nikakaa karibu yake. Alinishukuru, akaweka kurasa zangu mbele yake, akachonga penseli. Alinieleza kwa upole kwamba kazi yake ni moja tu, kuona kama yanayosemwa yameandikwa. Mchezo ukimalizika, atatia sahihi au hatatia.

Pazia likafunguliwa. Bwana Bahili amekaa, boksi la sukari ubavuni, ufunguo shingoni kwa uzi. Watu wakaanza kucheka kwa kumwona tu Pazi, maana uso wake unachekesha hata akinyamaza. Kisha akafungua mdomo.

"Ewe mke wangu mpenzi," akasema Pazi, "tafadhali uniletee kikombe cha chai, lakini usitie sukari, kwa maana siku hizi sukari ni ghali mno."

Vicheko vikakatika.

Salumu akajibu kwa sentensi yangu ndefu, ile niliyoipenda kuliko zote, yenye "ilhali" mbili. Mtu akakohoa. Pazi akaendelea, neno baada ya neno, bila kosa, mikono imeganda ubavuni kama anasubiri kukaguliwa kucha. Bwana Mika peke yake ndiye aliyeridhika. Kidole chake kilitembea chini ya mistari, na kila ukurasa ukiisha aliweka alama ndogo. Mwanamume mmoja akauliza kwa sauti, haya mahubiri yanaisha saa ngapi? Hapo ndipo watu walipocheka kwa mara ya kwanza, na hawakucheka mchezo, walinicheka mie.

Kufika ukurasa wa tisa watu wameanza kuinuka. Nilimwona Mzee Shomari mlangoni amezungukwa, anaombwa arudishe pesa za tiketi. Nikageuka nyuma, nikamwona Bwana Hassanali anapiga miayo, na mama yake amesinzia. Nikajua. Kibali tutakipata, maana kila neno lilikuwa mahali pake. Lakini kibali cha nini, kama Jumamosi ijayo hatoki mtu nyumbani kwake kuja kutuona?

Ilipofika mapumziko nilikwenda nyuma ya pazia. Pazi amekaa juu ya gunia, jasho linamtiririka. Huyu ndiye mtu anayewachekesha makuli wenzake wakiwa na gunia la kilo mia mgongoni. Alikuwa anakaribia kulia. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

"Mwalimu," akasema, "maneno yako mie nayaheshimu. Ila nikiyasema naona kama nimesimama mahakamani, nasomewa mashtaka."

Nilitaka kumjibu kwamba ni ile lugha safi, ni mazoezi machache, ni joto. Kisha nikamtazama vile alivyokuwa amekaa, mabega yameanguka, nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mtoto. Mtu mwenye kipawa chake, mie nimemfunga mdomo kwa rula.

Nikamwambia asahau. Akauliza, nisahau nini? Nikamwambia yote, karatasi yote, acheze kama anavyojua mwenyewe. Salumu aliruka akanishika mkono. Mzee Shomari, ambaye alikuwa ameingia kuchukua maji, alisimama palepale na kata mkononi.

"Na kibali, mwanangu?"

"Kibali niachie mie, Mzee."

Sikuwa na mpango wowote. Naliandika hili ili nisije baadaye nikajidai kwamba nilikuwa nao. Nilisema tu, nikarudi kukaa kando ya Bwana Mika. Nilifikiria kumwambia ukweli. Nilifikiria kumwagia chai kwenye karatasi zake. Nikaingiza mkono kwenye kikapu kutafuta leso nijifute jasho, nikagusa daftari. Lilikuwa daftari jipya la shule, la mtoto aliyehama, na penseli ndani yake.

Pazia likafunguliwa tena.

Pazi akatoka kwa mwendo wake, ule wa mtu anayeogopa kuchakaza ardhi. Akamtazama mkewe, akatazama kikombe, akatazama boksi. Akapiga funda la chai chungu, uso ukakunjamana wote. Kisha akamnyooshea mkewe kidole akamwelekeza boksini. "Chai huku, sukari kule, jicho ndiyo kijiko. Koroga, mama, usinimalizie!"

Ghala likapasuka kwa kicheko.

Kidole cha Bwana Mika kikasimama. Akarudi mstari wa juu, akashuka, akafunua ukurasa, akaurudisha. Akanigeukia. Mie sikumtazama, nilikuwa nimeinama ninaandika. Miaka kumi nimewasomesha watoto imla, jana niliifanya mwenyewe, tena kwa mwalimu asiyepumua. Anasema Pazi, naandika. Anajibu Salumu, naandika. "Mie" nikaiandika "mie". Ukurasa ulipojaa nikauchana, nikauweka mbele ya Bwana Mika juu ya karatasi zilizopigwa taipu.

Akausoma. Akatazama jukwaani. Akausoma tena. Akachukua penseli yake, akaweka alama ndogo chini.

Kisha, bila kunitazama, akanyoosha mkono kuomba wa pili.

Jamani! Sijawahi kuandika vile. Herufi zangu, ambazo wanafunzi wanaziogopa kwa uzuri, zilikuwa zinakimbia kama kuku waliofunguliwa bandani. Nachana, nampa, anaweka alama. Mara nikasikia ananinong'oneza kwamba nimeruka neno, amesema "usinimalizie", mie nimeandika "usimalize". Nikasahihisha. Mara nyingine nilikuwa nacheka mpaka penseli haishikiki, na yeye, uso mkavu, akaichukua akaandika mstari mzima mwenyewe, akanirudishia. Kifungo cha shingo kilikuwa kimefunguliwa. Sijui alikifungua saa ngapi.

Mwisho wa mchezo ni pale mama mkwe anapokuja. Katika karatasi zangu, Bwana Bahili anamwona mkwe wake, anatubu kwa hotuba ya ukurasa mzima, anafungua boksi. Jana mkwe aliingia, akakaribishwa mkeka, akaambiwa chai inakuja. Mkewe akamnyooshea Pazi mkono: lete ufunguo. Kwa mkwe hakuna ujanja, kila mtu aliyekuwa ndani ya ghala analijua hilo. Pazi akamtazama mkwe, akamwinamishia kichwa kwa adabu zote. Akavua uzi shingoni. Akatazama ufunguo kwa huruma, kama anaaga mtoto anayekwenda safari.

Akautia mdomoni, akaumeza.

Tuseme alijifanya kuumeza, maana leo ufunguo anao. Lakini alivyovimbisha koo, alivyojipiga kifua ushuke, alivyomgeukia mkwe wake kwa heshima na kumwambia sukari ipo, mama, ni njia tu imefungwa, haki ya Mungu watu walianguka mikekani. Bwana Hassanali alikuwa anapigapiga paja lake. Mama yake aliamka akamwuliza kwa Kikachi, lugha ya kwao, kuna nini, na yeye akashindwa kumtafsiria, kila akianza anacheka. Bibi kizee akaanza kucheka kwa kumwona mwanawe anacheka.

Pazi akawageukia watu, mikono kifuani, akauliza afanye nini sasa, ndugu zangu, mkwe ana kiu.

Ndipo Bi Tatu aliposimama, na sauti yake ile.

"Mkalisheni chooni mpaka asubuhi! Ufunguo utatoka, na uchoyo utoke nao!"

Sikumbuki kelele kama ile hata siku ya kumaliza vita.

Mkono wangu ukasita. Mie ni mwalimu wa shule ya misheni. Naimba kwaya. Hilo neno linakwenda Boma, kwenye faili, na mwandiko ni wangu. Nikainua macho kwa Bwana Mika, nikamwuliza kwa kunong'ona kama hilo nalo niliandike, maana mama yule si mchezaji, ni mtazamaji aliyekata tiketi. Yeye alikuwa ametoa leso, anajifuta macho. Akatulia. Akarudisha uso wa Boma.

"Limesemwa," akasema. "Andika."

Nikaandika. Chooni, nikaandika. Na nilipokuwa naandika nikaona kwamba hotuba yangu yote ya toba, ukurasa mzima wenye "ilhali" tano, Bi Tatu ameimaliza kwa pumzi moja, akaketi, akaendelea kutafuna karanga zake. Nilisikia wivu, kidogo tu. Halafu nikasikia furaha tupu.

Watu walipokuwa wanatoka, sie wa Umoja tulibaki tumesimama mbele ya ile meza ndogo kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Mzee Shomari ameshika kofia yake mkononi. Pazi amejificha nyuma ya Salumu. Bwana Hassanali naye alisogea, maana ukumbi ni wake. Bwana Mika alipanga karatasi zote kwa zamu, kwanza zile tisa za taipu, halafu zangu za penseli, chache zimechanika pembeni. Akazigonga mezani zikae sawa. Nikaona nimwambie mwenyewe kabla hajaniambia. Nikaanza kueleza kwamba kosa ni langu, si la wachezaji, kwamba mie ndiye niliyewaambia waache karatasi.

Akaniinulia mkono.

"Mwalimu, niliagizwa nione kama wanayoyasema yameandikwa. Yameandikwa," akasema. "Sikuagizwa niulize yameandikwa saa ngapi."

Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Pazi alinibeba. Mie mke wa mtu, mwalimu wa misheni, nilibebwa juu kama gunia la bandarini nikazungushwa ghala zima, na Yohana, mume gani huyu, amesimama mlangoni anapiga makofi. Bwana Hassanali akamwita Mzee Shomari kando, akamwambia mbata zake atazitafutia mahali pengine. Mama yake alitaka kujua Jumamosi ijayo inaanza saa ngapi.

Lakini Bwana Mika, alipokuwa anafunga kifungo chake cha shingo tayari kuondoka, alinikumbusha jambo ambalo katika kelele zile tulilisahau. Kibali kinakwenda na karatasi. Jumamosi ijayo atakuja tena, na vikundi vitakapopeana zamu atakuja vilevile, na wote waliomo kwenye karatasi lazima wawepo. Akanionyesha ukurasa wa mwisho. Yule mama wa mkeka wa mbele, akasema, naye yumo.

Kwa hiyo leo, baada ya ibada, nilikwenda kwa Bi Tatu hata kabla ya kubadili nguo. Nilimkuta uani anamenya mihogo ya kesho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanivutia kigoda. Nilipomwambia kwamba maneno yake yako Boma aliacha kisu. Akaniuliza kama ameshtakiwa. Nikamweleza taratibu: hajashtakiwa, ila Umoja unamhitaji. Hatalipa tena mlangoni, mkeka wa mbele ni wake, na jina lake litaandikwa kwenye tangazo pamoja na la Pazi. Anachotakiwa ni kuja kila Jumamosi, kusimama pale ufunguo unapomezwa, na kusema aliyoyasema.

Alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Akaniuliza mara mbili kama kweli mzungu atalisoma neno lile. Nikamwambia karani ameshalisoma na amelilia machozi. Akakaa akafikiri, akachukua muhogo mwingine, akaanza kuumenya. Nilikuwa nasubiri jibu lake kama nilivyosubiri ule muhuri.

"Kuja nitakuja, mwanangu," akasema. "Ila ya jana nimeshayasema. Jumamosi nina mengine."

Nilifungua mdomo nimwambie haiwezekani, imeandikwa, ina muhuri. Nikaufunga. Rula yangu niliivunja jana usiku mwenyewe nikachochea jiko.

Nikanyanyuka, nikamuaga, nikapitia kwa Mzee Shomari kumpa habari. Akanitazama, akauliza, sasa tutafanyaje? Nikamwambia kesho alfajiri, kabla ya kengele ya shule, napitia dukani. Nanunua madaftari manne na penseli nane, nne zangu na nne za Bwana Mika.